Chema Hakikujiuza

Mpenzi wa muziki wa disko ya kielektroniki anapolalamika kwamba santuri fulani haikupewa haki yake, anadai jambo zito: kwamba thamani ilikuwamo ndani ya muziki hata pale ilipokosa masikio. Naamini dai hilo ni kweli. Kwa mfano, mwaka 1982, disko ilipokuwa imezitawala filamu za Kihindi, Charanjit Singh, mpiga gitaa na besi wa nyimbo za filamu hizo kule Bombay, alichukua sinthesaiza ya Jupiter-8, mashine ya ngoma ya TR-808 na ile ya besi ya TB-303, zote za Roland, akapigia raga kumi, yaani mifumo ya noti ya muziki wa jadi wa Kihindi. Santuri hiyo, Synthesizing: Ten Ragas to a Disco Beat, haikununuliwa sana, ikasahaulika. Mwaka 2002 mkusanyaji wa santuri kutoka Uholanzi, Edo Bouman, aliikuta dukani Delhi, na mwaka 2010 ikatolewa upya.

Atakayesema kila mtu na ladha yake, kwa hiyo hakuna santuri iliyodhulumiwa, anasahau jinsi tunavyobishana. Hatutajiani tu tunachokipenda. Tunaonyeshana mahali katika wimbo, tunaambiana sikiliza hapa, na mara nyingine aliyepinga husikia kitu kilichompita. Kitu hicho kilikuwapo kabla hajakisikia. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la wahenga, kwamba chema chajiuza; mwanafalsafa David Hume naye, mwaka 1757, aliona kwamba kazi iliyo bora hudumu ikipita vizazi na nchi. Lakini muda hauna masikio. Kilichoiokoa kazi ya Singh ni nakala iliyobaki dukani na mnunuzi aliyepita siku hiyo. Kama nakala hiyo ingeyeyushwa, historia ingenyamaza vilevile, na ukimya huo usingekuwa hukumu.

Hata umaarufu uliofuata haukumaliza deni. Santuri ilisifiwa kwa sababu ilitoka miaka mitano kabla ya "Acid Tracks" ya kundi la Phuture, kazi ya Chicago ya mwaka 1987 iliyoutangaza mlio wa TB-303 kama moyo wa asidi hausi, aina ya muziki wa dansi wa kielektroniki. Sifa hiyo inamfanya Singh kuwa mpiga mbiu wa karamu ya watu wengine. TB-303 ilitengenezwa imsaidie mwanamuziki asiye na mpiga besi, lakini ina uwezo wa kutelezesha sauti kutoka noti moja hadi nyingine, na katika raga mtelezo huo si pambo: bila huo, noti zilezile hazifanyi raga. Singh aliutumia kwa kazi ambayo Chicago haikuihitaji.

Wapo watakaosema mashine inaiua raga, na kweli ngoma za santuri hii hazibadiliki sana kutoka mwanzo hadi mwisho. Huo ni udhaifu wake. Ila sikiliza Lalit, raga ya alfajiri, isiyo na noti ya tano na yenye noti mbili za nne zinazokaribiana. Mashaka ya saa ile, kati ya giza na nuru, yamo katika mkaribiano huo, na TR-808 haiyafuniki.