Hukumu ya Jicho

Jicho ni shahidi anayesadikiwa upesi kuliko mashahidi wengine. Sikio hushukiwa kwa kuwa maneno ni upepo. Ulimi hushukiwa kwa kuwa una tamaa. Lakini aliyeona hudai kwamba amejua. Walakini iko sanaa moja ambayo kazi yake ni kumhoji shahidi huyu, nayo ni uchoraji. Swali linalozaliwa na sanaa hiyo si dogo: je, kitu chaweza kuhukumiwa kwa haki kwa jinsi kionekanavyo mahali kilipo?

Viungo vya picha ni vichache: nukta, mstari, umbo, nafasi, mwanga na kivuli, na rangi. Nukta ikienda huwa mstari. Mstari ukijifunga huwa umbo. Mstari na umbo hupimwa kwa rula na bikari, lakini rangi haikubali kupimwa hivyo. Katika miaka ya 1660 Isaac Newton alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, akaona weupe ukitawanyika kuwa rangi nyingi, tangu nyekundu mpaka urujuani. Katika kitabu chake cha mwaka 1704 alieleza kwamba miali yenyewe haina rangi. Ina uwezo tu wa kuziamsha rangi katika fahamu za mtazamaji.

Lugha ya Kiswahili nayo yaonyesha kuwa rangi ni vigumu kuishika peke yake. Weupe, weusi na wekundu una mashina yake yenyewe. Nyingine nyingi huitwa kwa majina ya vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda. Rangi hutajwa kwa mwenziwe.

Mwaka 1824 mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alipewa usimamizi wa utiaji rangi katika karakana ya Gobelins mjini Paris, palipofumwa vitambaa vya ukutani vyenye picha. Huko lilikuwako lalamiko kwamba nyuzi nyeusi ni hafifu, hasa zilipotiwa kuwa kivuli katika mavazi ya buluu na urujuani. Ingalikuwa rahisi kumlaumu mtia rangi. Chevreul hakufanya haraka. Alizilinganisha nyuzi hizo na nyuzi nyeusi za mahali pengine, akaona hazikupungukiwa na kitu. Weusi ulikuwa mzima. Aliyeudhoofisha ni jirani. Rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja huisukuma nyingine kuelekea kinyume chake: wekundu husukuma kuelekea kijani, na buluu kuelekea rangi ya chungwa. Karatasi moja ya kijivu huonekana nyeupe zaidi ikiwekwa juu ya weusi, na nyeusi zaidi ikiwekwa juu ya weupe. Kanuni hiyo aliitolea kitabu mwaka 1839.

Yamkini mtu atasema kwamba, ikiwa ni hivyo, jicho ni mwongo na hapana hukumu iliyo sawa. Sivyo. Jicho halikusema uongo. Lilitoa habari za ujirani, na akili ikazipokea kama habari za tabia. Wala si haki kamili kukitenga kila kitu na wenzake, maana hapana atazamaye picha uzi kwa uzi. Weusi ulio kando ya buluu hufifia kweli machoni pa watazamaji. Basi hukumu ni mbili. Ya kwanza ni juu ya uzi, nayo hutolewa uzi ukiwa peke yake. Ya pili ni juu ya mpango, nayo humwangukia aliyepanga. Dhuluma huanza pale kosa la mpango linapoandikwa katika jina la uzi.

Dhuluma hiyo haikai karakanani tu. Mwanafunzi wa wastani akiwa kati ya wavivu huitwa mwerevu. Akihamishiwa kati ya hodari huitwa mjinga, hali akili yake haikuzidi wala haikupungua. Mpole kati ya wakali huitwa mwoga, na kwa jina hilo hunyimwa kazi aliyoiweza. Uzi haujui kuwa umelaumiwa, lakini mtu ajua, na pengine husadiki lawama mpaka akafifia kweli. Kwa hiyo apasiwaye kuhukumu afanye kama mkemia yule: kabla ya kulaani, akihamishe kitu mahali kilipo, kisha akitazame tena.