Silaha ya Kale Haikai Kashani

Huko Marekani na Ulaya wapo watu ambao furaha yao ni kukusanya bastola kongwe. Wanazifuata minadani, wanazinunua kwa warithi wa marehemu, wanazipangusa kwa kitambaa laini na kuzipanga katika makabati ya kioo. Miongoni mwa zinazotafutwa ni vibastola vya katikati ya karne ya 19, vile vya risasi za kugongwa ukingoni. Kampuni ya Smith & Wesson ilitoa cha kwanza mwaka 1857, ikakilinda kwa hataza mpaka 1869, na baada ya hapo kila karakana ikatengeneza vyake. Kwa sheria ya shirikisho la Marekani, bastola iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kitu cha kale, hainunuliwi kwa masharti ya silaha.

Pemba hatuna minada hiyo. Tuna makasha, tuna dari, na tuna mambo ambayo wazee waliondoka nayo bila kuyasema.

Nyumba moja ya ukoo wetu mjini Wete ilipovuliwa paa ili iezekwe upya, fundi aliteremsha kifurushi cha merikani iliyogeuka rangi ya chai. Ndani yake mlikuwa na kibastola kinachoenea kiganjani. Mpini wa mbao umepasuka, mtutu umeliwa na kutu, silinda ina matundu matano na haizunguki tena. Kifyatulio hakina kinga, kimechomoza tu chini ya silinda. Kitambaa kilipokunjuliwa likadondoka ganda moja la shaba, fupi, lenye kovu dogo pembeni ya kitako. Katikati ya kitako imepigwa herufi H.

Kovu lile ndilo linalolitambulisha ganda hilo. Risasi nyingi za leo hugongwa katikati ya kitako, penye fataki. Hii ya zamani haina fataki: unga wa kulipukia umejazwa ndani ya ukingo uliokunjwa, na nyundo hupiga ukingo huo mpaka ukapondeka. Ili ipondeke, shaba haina budi kuwa nyembamba, na shaba nyembamba haihimili baruti nyingi. Ndiyo sababu risasi kubwa za aina hii zilipitwa na wakati, ikadumu ile ndogo ya 0.22. Ganda likishapigwa ndiyo basi, halijazwi tena. Bastola nyingi za enzi ile zimeishi muda mrefu kuliko chakula chake.

Na ile H? Kiwanda cha Winchester kiliipiga kwenye risasi zake za ukingoni kwa kumkumbuka fundi Benjamin Tyler Henry, aliyepata hataza ya bunduki yake ya risasi 16 mwaka 1860. Bunduki ya Henry iliwahi kupita Unguja. Henry Morton Stanley alipofunga msafara wa kumtafuta Livingstone mwaka 1871, silaha alizoorodhesha ni pamoja na Henry moja na Winchester moja, kila moja ya risasi 16, na bunduki 24 za gumegume. Hesabu hiyo ina maneno yake. Mwenye msafara anafyatua risasi 16 mfululizo. Askari wake anafyatua moja, kisha anamimina baruti na kushindilia upya huku akiomba Mungu.

Baadaye tofauti hiyo ikawa sheria. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani hii. Wakubwa wa Ulaya walikuwa na hofu, na Mkataba wa Brussels wa 1890 ukaruhusu Waafrika wauziwe gumegume tu, zenye mtutu usio na mifuo. Hoja iliyotolewa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa.

Tusijifanye hatuijui biashara hiyo. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, ya Pemba kwa sehemu kubwa ikanusurika. Bei ikapanda, mashamba yetu yakataka mikono, na mwaka uliofuata Sultani Sayyid Barghash akatia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Majahazi yakawa yanaingia Pemba kwa magendo. Desemba 1881, Kapteni Charles Brownrigg wa manowari ya Uingereza iitwayo London aliuawa katika maji ya Pemba alipolifuata jahazi la namna hiyo. Karafuu tunayojivunia na bunduki tusizotaka kuzitaja zilisafiri bahari moja.

Kibastola cha darini kinatoka katika dunia hiyo. Anayekipenda kwa umbo lake, asitake kujua kilimtisha nani na kilimlinda nani, huyo amekusanya chuma tu.

Jamaa zetu wa Maskati wanaliona jambo hili kwa jicho jingine. Oman bunduki kongwe ya Martini-Henry hutundikwa ukutani kwa fahari, wanaume huishika kwenye ngoma za heshima, na makumbusho ya Bait Al Zubair yameziweka silaha za zamani pamoja na majambia na panga. Binamu yangu alipotumiwa picha akapiga simu usiku ule ule: "Nileteeni huku, itapata hishima yake." Nilimwelewa. Lakini kuisafirisha kimya kimya ni magendo yale yale ya karne ya 19, abiria tu wamebadilika. Na kwetu Pemba silaha haijawahi kuwa pambo. Hatuwezi kuitazama bastola, hata iliyokufa, tusikumbuke mapinduzi ya Januari 1964, au Januari 27, 2001, siku ya maandamano yaliyozimwa kwa risasi, watu wakauawa, na wengine wapatao 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya.

Kwa hiyo sikushangaa ami yangu aliposema, "Itoseni baharini, mwanangu. Kitu cha shari hiki." Fundi naye alikuwa na mnunuzi wa vyuma chakavu tayari na mizani yake.

"Ami, tukiitosa tumezamisha ushahidi. Tukiificha kashani tumevunja sheria. Twendeni nayo polisi."

"Watauliza tunayo tokea lini."

"Tuwaambie kweli. Tokea jana, fundi alipoishusha."

Alicheka, lakini hakuridhika upesi. Hoja yake ya mwisho ilikuwa kwamba bastola isiyo na risasi haina madhara. Uingereza nao waliamini hivyo. Kisha mwaka 2017 mahakama ikamfunga miaka 30 mfanyabiashara aliyekuwa akitengeneza risasi za kuingia katika bastola kongwe, zikaishia mikononi mwa wahalifu. Mwaka 2021 serikali yao ikakaza kanuni za silaha za kale. Silaha ikizeeka haigeuki kuwa kichezeo. Sheria yetu ya silaha na risasi ya mwaka 2015 inataka mwenye bunduki awe na kibali, na babu aliyefariki hawezi kutuombea.

Tuliipeleka. Kabla ya hapo tulikaa barazani tukaandika karatasi: ilipatikana chumba gani, ilifungwa kwa nini, ganda lilikuwaje, na nani aliwahi kuishi nyumba ile kwa kadiri wazee wanavyokumbuka. Nakala moja ikaenda na bastola, nyingine tumebaki nayo. Kazi hiyo ilimfungua ami kinywa. Habari za shamba la Kiuyu, za jamaa waliohama, za bibi mmoja ambaye hakuwahi kutajwa ukoo wake mbele ya watoto, zote zilitoka siku hiyo, na yeye mwenyewe alisema ameona nafuu.

Huo ndio ukusanyaji ninaouona unatufaa. Chuma kinaoza, na hata majumba ya kumbukumbu huanguka: sehemu ya Beit al Ajaib, Unguja, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Habari iliyoandikwa na kugawiwa nakala haiporomoki mara moja.

Nawaomba basi wenye nyumba za zamani, kuanzia Mkoani hadi Konde: ukikuta silaha darini au shambani, usiichezee, usiioneshe watoto, usiipeleke kwenye mizani ya vyuma chakavu. Ita polisi, na andika habari zake siku hiyo hiyo wakati wazee wako hai. Nao wenye mamlaka wafanye upande wao. Anayeleta kwa hiari kitu cha babu yake apokewe kama raia mwema, si mtuhumiwa. Silaha ikishazimwa kabisa, wahusika wa makumbusho na mambo ya kale waitwe waitazame kabla haijayeyushwa, ili yenye historia ipate nafasi katika makumbusho ya ngome ya Chake Chake, pamoja na ile karatasi. Bila karatasi, wasiipokee.