Wimbo Uliotolewa na Roho

Mtunzi mchanga wa kwaya anapoleta wimbo mpya na kusema amepewa na Roho, mwalimu wa kwaya hutatizika: nani amsahihishe Mungu? Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, aliagiza manabii wanene na wengine wapime. Kupimwa, basi, hakukanushi kwamba kipaji kimetoka juu. Kunakubali tu kwamba kimepitia mkononi mwa mtu.

Na mkono huo hukosea waziwazi. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo zito likiangukia ya mwisho, “Bwana” huwa “bwaNA”, na waumini husikia neno geni. Maneno nayo, kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitaka mwaka 1963 yatoke hasa katika Maandiko na vyanzo vya liturujia. Kutaja ubeti na silabi iliyoteleza humheshimu mtunzi kuliko “wimbo mzuri” ya adabu, ambayo mara nyingi ni uvivu wa kusikiliza.

Mtunzi halazimiki kukubali kila rai. Ila akiijibu kila moja kwa jina la Roho, mazungumzo yamekwisha, na mwalimu hubaki kuamua kuufundisha wimbo au kuuweka kabatini.