Kazi ya Serikali na Kazi ya Watu: Ipi Iliyo Bora?

Katika darsa yetu limezuka swali ambalo kila mzazi wa Malindi na Kilifi hulisikia barazani: kijana akimaliza masomo, ni bora atafute kazi ya serikali au aajiriwe na watu? Wengi hujibu upesi: serikali. Twaona jibu hilo lina haki ndani yake, lakini halikufika mwisho wa jambo.

Haki yake ni hii. Aliyeajiriwa na serikali kwa kudumu ana mshahara unaojulikana, ana likizo, na akistaafu ana pensheni. Ama kijana wa hoteli, riziki yake hufuata msimu. Masika ikinyesha na wageni wakarudi kwao, hoteli nyingi hufunga au hupunguza watu, naye hurejea nyumbani mikono mitupu. Na kwenye mashamba ya chumvi ya upande wa Gongoni na Marereni, malalamiko ya wafanyakazi yalisikizwa hadharani mwaka 2005, katika uchunguzi wa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu. Basi mzazi anayemtakia mwanawe utulivu halaumiwi.

Lakini utulivu huo nao una mipaka. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, zimekuwako nyakati ambapo fedha za Nairobi zilichelewa, na watumishi wa kaunti wakakaa bila mshahara huku deni la dukani likiongezeka.

Tena tuitazame sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imempa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 akitimiza mwaka, na mama aliyejifungua miezi mitatu kwa mshahara kamili. Haki hizo si za ofisi za serikali peke yake. Ni za hoteli, na duka, na nyumba pia. Basi sehemu kubwa ya tofauti tuionayo haikuletwa na sheria. Imeletwa na wasioitimiza.

Hapa ndipo jambo linapokuwa la dini. Qur'ani imewaonya vikali wapunjao: hutaka kujaziwa wanapopokea, na hupunguza wanapotoa. Tumezoea kudhani onyo hilo ni la muuza mchele na mizani yake. Lakini mtumishi wa serikali afikaye ofisini saa nne, akatundika koti kitini akaenda zake, kisha akapokea mshahara mzima, naye amepunja. Na aliyempunja ni yule mama aliyetoka Ganze na mtoto mgonjwa, akaambiwa arudi kesho. Na tajiri amtumikishaye mtu tangu alfajiri hata usiku kwa ujira usiomtosha chakula, naye amepunja vile vile.

Atasema mtu: "Lakini alikubali mwenyewe." Na tukumbuke habari za Nabii Musa na mzee wa Madyan. Musa alikuwa mgeni, mkimbizi, hana kitu, angalikubali lolote. Hata hivyo mzee yule alitaja muda, miaka minane, na kumi ikiwa ni kwa hiari ya Musa, akamhakikishia kwamba hataki kumtaabisha. Mwenye nguvu ndiye aliyejifunga asidhulumu. Basi ridhaa ya mwenye njaa si ruhusa ya kumla.

Na sisi wenyewe je? Twamtakia mwana wetu likizo na pensheni, na mtumishi wa nyumbani kwetu hatumpi hata siku ya Idi akawaone wanawe. Kijana wa dukani twamwambia mshahara "ngoja kidogo." Mwalimu wa madrasa twamuombea thawabu, na ada ya mtoto hatulipi. Kila mmoja wetu ni serikali ndogo kwa aliye chini yake.

Kwa hivyo, ewe mzazi, mtafutie mwanao kazi popote penye halali, na umfunze kutimiza kazi kabla ya kudai ujira. Na mwezi huu utakapokwisha, kabla hujaulaumu mkono wa serikali, utazame wako: ni nani anayekudai jasho lake?

Wabillahi taufiki.