Asiuingie Msitu Peke Yake

Somo letu ni 1 Wafalme 19:1-18.

Sisi tuliotoka Kivu ya Kusini tunaujua mlima Kahuzi, wenye mita 3,308. Mvua ikinyesha, mtu anayeupanda peke yake kati ya mianzi haoni kilele mbele wala kijiji nyuma. Njia inakuwa matope, ukungu unashuka. Akiteleza na kuumia, nani atasikia sauti yake?

Eliya naye alikimbia kwa sababu alitafutwa auawe. Beer-sheba alimwacha mtumishi wake, akaenda peke yake mwendo wa siku moja, kisha akaomba afe. Je, hayo hayapo kati yetu? Mwenzetu amefiwa, anajifungia nyumbani, haji tena ibadani. Akiulizwa anajibu, "Niko salama."

Mungu hakumkemea Eliya. Kwanza alimpa usingizi, mkate na maji. Kisha, huko mlimani Horebu, akasikiliza malalamiko yake mara mbili. Lakini hakumwacha akae pangoni. Alimrudisha kwa watu, akampa Elisha, akamjulisha kwamba wako waaminifu 7,000.

Basi, wapendwa, tukiona Jumapili nafasi ya mtu iko wazi, tumwendee na uji kabla ya maneno. Nawe uliye katika mvua hiyo, mwambie mtu mmoja leo. Kila mtu hupanda mlima kwa miguu yake, lakini asiuingie msitu bila wenzake kujua.

Mungu awabariki. Amina.