Je, Mrithi Ana Haki ya Kung'oa Shina?



Liko swali ambalo kila nyumba yenye urithi hulikuta siku moja, hata kama urithi wenyewe ni vishina vichache vya minazi au chumba kimoja cha mawe. Nalo ni hili: mtu aliyerithi mali asiyoichuma kwa jasho lake, na sharia ikamtilia mkononi, je, ana haki ya kuimaliza yote? Jibu la haraka sote twalijua. Mali ni yake, akitaka atauza, wala hapana kadhi atakayemzuia. Mimi nami nilikuwa nikijibu hivyo hivyo, mpaka siku niliyotembezwa katika msitu mmoja wa Uingereza, na huko ndiko nilikoona kwamba swali hili lina upande wa pili.

Nilikuwa nimekwenda huko kwa akika ya mtoto wa kwanza wa mwana wa marehemu kaka yangu. Na haifai nifiche: mkobani mwangu mlikuwa na karatasi. Shamba la minazi alilolipanda marehemu baba yangu lilikuwa limepata mnunuzi. Sisi ndugu tuliobaki tulikuwa tumekwisha kutia sahihi. Ilibaki sahihi ya kijana huyu tu, kwa fungu la marehemu baba yake. Nilimpa karatasi baada ya chakula. Akaisoma, akaikunja, akasema, "Ami, kesho sina kazi. Nataka nikupeleke mahali, kisha tutazungumza."

Alinipeleka jimbo la Suffolk, mashariki ya Uingereza, karibu na mji wa Bury St Edmunds, katika msitu uitwao Bradfield Woods. Ulikuwa mwisho wa Aprili, baridi bado inauma, na miti ya majani mapana ya nchi ile, ambayo mingi yake hupukutika kabla ya majira ya baridi, ndiyo kwanza inaanza kufungua majani. Nilitazamia kuona msitu mnene usioguswa na mkono wa mtu. Badala yake nikaona visiki kila upande, na fito zilizokatwa zimepangwa mafungu mafungu kando ya njia. Nikasikitika, nikamwambia, "Mwanangu, umenileta kuona msitu uliokwisha kukatwa?" Akacheka, akasema, "Ndiyo, Ami. Umekatwa tangu mwaka 1252."

Nilidhani anafanya mzaha, kumbe ni kweli. Msitu ule ulikuwa mali ya watawa wa Kikristo wa Bury St Edmunds, na ziko hati zinazoonyesha kwamba ulikuwa ukikatwa kwa utaratibu tangu mwaka huo. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza. Mti hukatwa karibu na ardhi wakati wa baridi, ukiwa umelala. Mizizi haiguswi. Majira ya joto yakiingia, kisiki huchipua si chipukizi moja, bali nyingi, nazo hupanda juu upesi kwa kuwa zina mizizi ya mti mzima chini yake. Baada ya miaka kadhaa, kumi kwa mti kama heizeli au ishirini na zaidi kwa mti waitao eshi, chipukizi zile huwa fito na nguzo, nazo hukatwa tena. Msitu hugawanywa mafungu, likakatwa moja na mengine yakaachwa yakue, hata mzunguko ukatimia na kuanza upya.

Sisi watu wa pwani, tunaojua nyumba ya fito na udongo, hatuhitaji kuelezwa sana faida ya kazi hiyo. Nao walisukia kuta zao fito zile, wakazipaka udongo. Wakatengenezea nyua za kondoo, mipini ya majembe na ya reki, vijiti vya kubania mapaa ya nyasi, na kuni za majiko. Na katikati ya visiki waliacha miti michache, hasa mialoni, isikatwe kabla haijawa minene ya kutoa boriti. Mwaloni huweza kuchukua umri wa mtu na zaidi kufikia hapo. Basi yule aliyeuacha mwaloni mchanga, akapitisha shoka pembeni yake, alijua kwamba hatauona ukipandishwa darini. Aliuacha kwa ajili ya mtu asiyemjua jina.

Kwetu tukisema kisiki twakusudia kitu kilichokwisha, cha kujikwaa watu miguu. Kumbe katika msitu ule kiko kisiki cha eshi ambacho wataalamu hukisia umri wake kuwa si chini ya miaka elfu. Eshi ulioachwa bila kukatwa kwa kawaida hufa mapema zaidi ya hapo. Na mahali palipokatwa karibuni, ambapo jua limepata njia ya kufika chini, palikuwa pameenea maua meupe na ya manjano kama zulia. Kijana akanieleza kwamba maua yale huzidi sana katika mwaka wa pili na wa tatu baada ya kukatwa, kwa sababu ya mwanga. Ikawa shoka, ambalo mimi nilikuwa nikiliona adui wa msitu, ndilo mojawapo ya mambo yaliyoutunza.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo kila mtoto aliyepita chuoni kwetu amelisikia. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi ya Khaibar, akaipenda kuliko mali yake yote, alimwendea Mtume (s.a.w.) kumtaka shauri. Naye akamwelekeza aizuie asili yake na atoe sadaka matunda yake. Asili isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe. Huo ndio msingi wa wakfu. Sisemi kwamba watawa wale walikuwa na wakfu kwa maana yetu, wala sisemi kwamba waliulinda msitu kwa huruma. Walitaka fito na kuni. Lakini hekima iliyomo ni ile ile: shina ni kitu kimoja, na kinachotoka katika shina ni kitu kingine. Anayekula kinachotoka, hata akila kila mwaka, hajamnyang'anya mtu. Anayeng'oa shina amekula fungu lake, na fungu la mwanawe, na fungu la mjukuu wa mtu ambaye bado hajazaliwa.

Nilitaka kujua nani basi angeweza kuumaliza msitu uliostahimili mashoka ya karne saba. Jibu lilinihuzunisha, kwani nilijiona ndani yake. Utawa ule ulivunjwa mwaka 1539, katika utawala wa Mfalme Henry wa Nane, msitu ukaingia katika mikono mingine, na bado ukaishi. Lakini katika miaka ya 1960 sehemu yake kubwa iling'olewa pamoja na mizizi, ikafanywa mashamba ya kulima. Kilichobaki kilinunuliwa mwaka 1970 na chama cha kuhifadhi mazingira, na leo kinakatwa kwa utaratibu ule wa zamani. Mwanachuoni Oliver Rackham wa Cambridge, aliyefariki mwaka 2015 baada ya kuichunguza misitu hii maisha yake yote, alikuwa akieleza kwamba kukata miti hakuui msitu. Kinachouua ni kuigeuza ardhi yake kuwa kitu kingine. Na waliong'oa hawakuwa wezi. Ardhi ilikuwa yao, na hati walikuwa nazo. Nami nilikuwa na hati mkobani.

Huenda msomaji akasema: maneno haya ni mazuri kwa mwenye kushiba. Mwenye deni na mgonjwa nyumbani atafanya nini na shina? Hoja hii ni ya haki, wala siidharau. Sharia haikumharimishia mrithi kuuza, na dharura ina hukumu yake. Lakini na tujiulize kwa ukweli, ni mara ngapi tunauza kwa dharura, na ni mara ngapi tunauza kwa uvivu wa kutunza, au kwa kuona ndugu zetu wasije wakatutangulia? Halali ni mpaka wa chini ambao mtu haruhusiwi kuuvuka. Juu yake iko ihsani, na amana ya waliopanda haiulizwi kadhi, huulizwa moyo.

Na asidhani mtu kwamba mwenye kutunza huahidiwa kuvuna. Miti ya eshi ya Uingereza sasa inakufa kwa maradhi ya kuvu yaliyotoka Asia ya Mashariki, na ambayo yalithibitishwa nchini humo mwaka 2012. Hayachagui msitu uliotunzwa na usiotunzwa. Hata hivyo niliwaona watu wakiendelea na kazi yao, wakizungushia ua chipukizi changa zisiliwe na paa. Nikakumbuka mafundisho ya Mtume (s.a.w.) juu ya mtu ambaye Kiyama kimemkuta na mche mkononi: akiweza kuupanda, na aupande. Hakuambiwa ataula. Kupanda ndiyo kazi yake. Mengine ni ya Mola wake.

Tulirudi nyumbani magharibi ikikaribia. Kijana akaleta kalamu na karatasi, akaviweka mbele yangu, akasema, "Ami, wewe ni mahali pa baba yangu. Ukiniambia nitie sahihi, nitatia." Chumba cha pili mtoto wake alikuwa akilia kutaka kunyonya. Nikaikunja karatasi nikairudisha mkobani.

Sikupokewa kwa furaha niliporudi. Mmoja wa ndugu zangu ana deni, naye alikwisha kuyahesabu mafungu ya fedha ile. Tumekubaliana kwamba mapato ya nazi yaanzie kwake, sisi wengine tusiguse hata senti mpaka deni lake liishe, kisha tupande miche mahali pa minazi iliyozeeka. Bado hajaniridhia sawasawa, nami simlaumu, kwani aliyeumia ni yeye. Lakini nikipita shambani sasa siulizi tena kama ardhi ile ni yangu. Najiuliza mimi ni wa ngapi katika safu, na nyuma yangu wako wangapi.

Wabillahi taufiki.