Ngazi ya Nyumba ya Jirani

Miongoni mwa maswali ya maadili ambayo aghalabu hayapewi haki yake ni hili: mtu wa jamii moja akitaka kuwaeleza walimwengu namna jamii nyingine ilivyogawanyika, nani juu na nani chini, nani bwana na nani mtumishi, ana dhamana gani mbele ya wale anaowaeleza? Zamani swali hili liliwahusu wasafiri na wataalamu wachache. Leo mwanafunzi wa sekondari aweza kusanifu tovuti kwa jioni mbili, akachora ngazi ya vidato vitatu, akawapanga watu juu yake, na mchoro huo ukasomwa Muscat na Toronto kabla ya kusomwa na wahusika wenyewe.

Na itazamwe Kituntu, kata ya Wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, nchi ya migomba, kahawa na ng'ombe. Mwenye haraka ataandika hivi: juu walikuwa Wahinda, ukoo wa wafalme, kati, Wahima wafugaji, chini, Wairu wakulima. Maneno hayo si uongo. Ufalme wa Karagwe ulikuwa na daraja zake, na aliyebeba mzigo wa daraja hizo hakuhitaji mchoro ili aujue uzito wake. Hata hivyo, jambo lisilo la uongo si lazima liwe la haki, na historia ya Karagwe yenyewe ndiyo shahidi.

Mwishoni mwa mwaka 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Bweranyange, makao ya Omukama Rumanyika. Speke ameandika katika kitabu chake cha 1863 kwamba mfalme aliwalaki kwa Kiswahili kizuri. Msomaji wa pwani akifika hapo hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini papo hapo msafiri yule aliyatazama macho na pua za wenyeji wake, akakata shauri kwamba hao si watu wa namna moja na raia zao, bali ni kizazi cha Uhabeshi kilichokuja kutawala. Alimpima kwa kamba shemeji wa mfalme, mwanamke aliyenoneshwa kwa maziwa, kama apimwavyo mnyama wa maonyesho. Kisha akamsimulia Rumanyika mwenyewe kwamba asili yake ni huko Uhabeshi. Mgeni wa siku chache alikuwa anamfundisha mwenyeji babu zake.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Speke alikuta uhusiano baina ya watu: nani ana ng'ombe, nani analima, nani anatoa na nani anapokea. Akauandika kana kwamba ni tofauti ya damu. Uhusiano huweza kubadilika, kwa kuwa umefanywa na watu na watu waweza kuufanya upya. Damu haibadiliki. Aliyeandikwa chini kwa damu yake amefungiwa mlango, na aliyeandikwa juu amepewa hati ya kubaki huko milele.

Nadharia ile haikubaki kitabuni. Wakoloni waliifanya msingi wa utawala katika nchi za Maziwa Makuu, na Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, Wabelgiji wakaandika Hutu, Tutsi na Twa katika vitambulisho vya miaka ya 1930. Mwaka 1992 mwanasiasa mmoja wa huko alihutubia umati na kusema kwamba Watutsi warudishwe Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Maji ya Nyabarongo huingia Kagera. Mwaka 1994 mto huo ulipita kando ya Karagwe ukiwa umebeba maiti hadi Ziwa Viktoria, na wakimbizi kwa maelfu wakaingia Ngara na Karagwe. Haitakuwa haki kudai kwamba kitabu kimoja ndicho kilichoua watu. Waliua wanadamu waliokusudia, na sababu zilikuwa nyingi. Lakini yule aliyesema Uhabeshi hakulibuni neno hilo. Alilikuta limekwisha andikwa.

Je, yafaa basi kunyamaza? Wako wasemao hivyo kwa nia njema: mambo ya Wahima na Wairu yamekwisha, wote leo ni Wanyambo na wote ni Watanzania, anayeyataja anafukua kaburi. Hoja hii ina uzito, kwa maana jina likitajwa mara nyingi hupata uhai. Lakini ukimya nao una upande wake, na aghalabu huwa upande wa aliyenufaika. Utwana wa ardhi ulioitwa nyarubanja, ambao katika mkoa wa Ziwa Magharibi uliwafanya wakulima wapangaji katika mashamba waliyoyalima wenyewe, haukuondoka kwa kunyamaziwa. Ilibidi itungwe sheria mwaka 1965, na sheria haiwezi kuondoa kisichotajwa. Zingatia namna ilivyotaja: haikuuliza pua ya nani ni ndefu, bali nani analima na nani anatozwa. Ilitaja tendo, na kwa kulitaja ikaweza kulivunja.

Basi tofauti si baina ya kusema na kunyamaza. Ni baina ya kutaja tendo na kutaja asili. Anayeandika "Wairu walikuwa tabaka la chini" ameandika sentensi isiyo na mtenda. Watu wako chini kama mawe yalivyo mtoni. Anayeandika ni nani aliyechukua, alichukua nini, lini, na kwa nguvu gani, amemrudishia mtendaji jukumu lake na mtendewa ubinadamu wake. Sentensi ya pili ni ndefu na haitoshei katika kidato cha ngazi. Huo si udhaifu wake. Mchoro wa ngazi hauna mahali pa kuonyesha kwamba katika nchi za Maziwa Makuu ukoo mmoja uliweza kuwa na wafugaji na wakulima pamoja, wala kwamba fahari ya ufalme wa wenye ng'ombe pale Bweranyange, wale ng'ombe wadogo wa chuma, ilitoka katika moto wa wahunzi. Waliotawala walihitaji mikono ya waliotawaliwa hata katika vitu vitakatifu vya enzi yao.

Yupo atakayeuliza yanamhusu nini mtu wa visiwani mambo ya bara. Yanamhusu kwa njia mbili. Kwanza, njia aliyopita Speke ilikuwa njia ya misafara ya pwani. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na ikulu ya Karagwe, na mkalimani wa Speke alikuwa Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni na kufikishwa India. Maneno ya ufalme yalipita kinywani mwa mtu ambaye pwani yenyewe ilikuwa imemweka kidato cha mwisho. Hapana kitabu kilichoona haja ya kumwuliza yeye aionaje ngazi ile.

Pili, wahenga walisema nyani haoni kundule. Pwani ilikuwa na waungwana na watwana, wazalia na wageni, na majina hayo hayakufutika siku utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Baina ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, hesabu ya waliojiandikisha Zanzibar kuwa Waswahili ilishuka mno. Watu hao hawakuwa wamekufa wala kuhama. Walichoka na jina lililonuka utwana wa babu zao, wakajichagulia jingine. Walikuwa wanajua, bila kusoma falsafa yoyote, kwamba kidato ni jambo lililoandikwa na kwamba lililoandikwa laweza kuandikwa upya. Mtu wa pwani anayekumbuka hivyo hawezi kumwandika Mwiru wa Kituntu kana kwamba amezaliwa na kidato chake mgongoni.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii haimkatazi jirani kusema kwamba kitanda kina kunguni; yamtaka amwulize aliyelala. Anayeieleza jamii isiyo yake hana budi kuuliza chini kabla ya kuuliza juu, maana habari za ufalme husimuliwa kwanza na walio karibu na kiti. Hana budi kuweka tarehe, ili lililokuwa lisisomwe kuwa ndilo lililopo. Na hana budi kuandika kana kwamba msomaji wake wa kwanza ni mtoto wa Kituntu mwenyewe, ambaye kesho atakaa darasani dawati moja na mwenzake, nao wote wawili watasoma yale yaliyoandikwa juu ya babu zao. Akisoma kwamba babu yake alinyang'anywa, atauliza haki. Akisoma kwamba babu yake alikuwa duni, atatafuta pa kujificha, au atatafuta wa kumlipiza.